Tuanzie Ofisi ya Ardhi: kugeuza maghala, gesti na ofisi kuwa makazi ya familia

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi na ujenzi za sharika, Murungu, wilayani Kibondo.



Tuliombwa tuzungumzie miradi ya kujitegemea ya sharika, nalo ni somo refu. Tumeamua kuchukua jambo moja tu, kwa sababu katika barua zinazofika ofisini kwetu kutoka Kibondo na Kasulu jambo hili linajirudia kuliko mengine. Usharika mmoja unaandika: tuna jengo, lilikuwa ghala, sasa ni tupu. Mwingine unaandika: tumepewa gesti ambayo haipati wageni tena. Wote wanaomba fedha za kugawa vyumba ili wapangishe familia. Ombi lenyewe ni zuri. Ila karibu barua zote zinaanza na idadi ya mifuko ya saruji, na hatujapata hata moja iliyoanza na hati ya kiwanja. Leo tunataka kueleza kwa nini ofisi ya ardhi inatangulia duka la saruji. Tutaeleza pia kwamba sisi wenyewe hatukulijua hilo mpaka lilipotuumiza.

Majengo haya yametoka wapi

Wengi wenu mliyaona yakijengwa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa kule Burundi, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine, na Nyarugusu ikafunguliwa. Tukawa na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Nduta, Mtendeli na Kanembwa upande huu, na Lugufu kule chini wilayani Kigoma. Mashirika yalikuja na magari, mafuta, mahindi, mablanketi na wafanyakazi. Yalihitaji mahali pa kuhifadhi, mahali pa kuandikia na mahali pa kulala. Mwenye kiwanja barabarani alijenga ghala akapangisha. Mwenye nyumba ya vyumba sita aliongeza ukuta akaiita gesti. Hatuwalaumu, kwa sababu kodi ilikuwa nzuri na ilikuja kwa wakati, na watoto wengi wa wilaya hizi walisomeshwa kwa fedha hiyo.

Kisha wakimbizi wakaanza kurudi makwao, na kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Mtabila mwishoni mwa 2012. Tulidhani yameisha. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo na Mtendeli ikafuata Januari 2016, na maghala yakajaa mara ya pili. Mtendeli nayo ikafungwa mwishoni mwa 2021. Kila wimbi liliacha majengo. Baadhi yalirudi kwa wenyewe, baadhi yalikabidhiwa kwa vijiji, na machache yalikabidhiwa kwa makanisa, mara nyingi kwa hafla fupi, picha moja na barua ya ukurasa mmoja. Barua hiyo tutaizungumzia baadaye, maana ndiyo inayotusumbua.

Wakati majengo hayo yanakaa matupu, watu hawana pa kukaa. Mwalimu mpya akiripoti kazini anaonyeshwa chumba chenye bati bila dari kwa mzee fulani, tena kwa kupokezana na mwenzake. Muuguzi anakaa mbali na kituo na usiku hawezi kuitwa. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, imejengwa kwa lami katika miaka hii ya 2020, na biashara imeifuata lami, na wapangaji wameifuata biashara. Kwa hiyo wazo la kugeuza jengo tupu kuwa makazi ni wazo la akili. Kuta zipo, bati lipo, msingi upo, na hatuhitaji kuchoma tanuru jingine la matofali kwa kuni za miombo yetu iliyobaki. Sisi tunaliunga mkono. Tunachopinga ni kuamini kwamba ghala ni nyumba kubwa isiyokuwa na vyumba.

Tulivyokosea

Tuseme wazi. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilipewa dhamana ya jengo moja katika mojawapo ya wilaya hizi. Hatutataja mahali, kwa sababu wapangaji wa wakati ule bado ni majirani zetu. Lilikuwa ghala la matofali, urefu mita 20, upana mita 12, mlango mmoja mkubwa wa chuma mbele na mdogo nyuma, na matundu ya hewa juu karibu na paa. Mfadhili alikuwa tayari. Fedha ziliingia mwezi wa nane, na kwa mkataba zilitakiwa ziwe zimetumika kufikia Desemba. Ndugu zetu wafadhili mliopo hapa, mtatusamehe tukisema kwamba kalenda hiyo ilichora ramani kuliko fundi alivyoichora.

Kamati ilikaa, ikapiga hesabu. Ukiweka safu tatu za vyumba, mbili pembeni zenye kina cha mita tatu na nusu, moja katikati yenye mita tatu, na korido mbili za mita moja moja, upana wa mita 12 unaisha sawasawa. Kila chumba kikiwa na mita nne kwa urefu, kila safu inatoa vyumba vitano. Jumla vyumba 15. Hesabu ilikuwa tamu. Hakuna aliyeuliza vile vitano vya katikati vitapata dirisha wapi.

Havikupata. Vilizungukwa na kuta pande zote, na mlango wake ulifunguka kwenye korido yenye giza mchana. Tulijenga kuta za ndani mpaka usawa wa kawaida tu, juu tukaacha wazi hadi kwenye bati, tukisema hewa itapita. Hewa ilipita kweli, pamoja na moshi wa kila jiko, kikohozi cha kila mgonjwa na maneno ya kila ugomvi. Choo kilikuwa kile kile cha walinzi na makarani wa ghala, matundu mawili. Mita ya umeme ilikuwa moja. Waliowahi kupanga nyumba yenye LUKU moja kwa familia nyingi wanajua tunachozungumzia: mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, na baada ya wiki mbili hakuna anayechanga.

Hayo yote ni kero. Lililotufanya tusimame mbele yenu leo ni usiku mmoja wa mwezi wa saba. Mnajua baridi ya huku kwetu juu wakati wa kiangazi. Mama mmoja katika vyumba vya katikati aliingiza jiko la mkaa ndani baada ya kupika, ili watoto wapate joto, akafunga mlango na kuziba pengo la chini kwa kanga. Mkaa unaoonekana umetulia, usio na moshi, hutoa sumu ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Jirani aliyerudi usiku alisikia mtoto akitapika. Akagonga, hakujibiwa. Akavunja mlango. Mama na watoto wawili walitolewa nje, mama hajitambui. Wote walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tungeweza kuwazika watatu katika mradi ambao taarifa yake ya robo mwaka ilikuwa imeandika kwamba familia 15 zimepata makazi bora.

Maafisa wa halmashauri walikuja siku ya tatu. Swali lao la kwanza halikuhusu jiko. Waliuliza: nani aliwaruhusu kulaza watu humu? Tukatoa ile barua ya makabidhiano. Wakauliza hati. Tukasema iko kwa aliyetukabidhi. Ilipopatikana, ilisema kiwanja ni cha ghala na biashara. Kumbe kwa mujibu wa karatasi hakukuwa na mtu anayeishi pale. Tulikuwa tumeandikisha familia 15 mahali ambapo kisheria palikuwa na magunia.

Wapo waliosema tunaonewa. Tulikasirika pia, hatuwezi kukana. Lakini tukirudisha nyuma siku zile, tunaona kwamba kama tungepita kwenye mlango wa ofisi ile kabla ya fundi, michoro ingeonwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza dirisha liko wapi. Vyumba vile vitano visingejengwa.

Sheria inasema nini

Katika nchi yetu kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Ukisoma hati utakuta maneno kuhusu kundi na daraja la matumizi. Makundi hayo yaliwekwa na kanuni za mwaka 1960, enzi za mkoloni, yakarekebishwa mwaka 1993, na kanuni mpya zikatolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Makazi yana kundi lake, maduka yana lake, maghala na viwanda yana yao. Mwenye kiwanja hana ruhusa ya kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa kuamua tu. Anaomba kibali cha kubadili matumizi. Asipoomba, amevunja sharti la hati, na uvunjaji wa masharti ni sababu mojawapo inayoweza kumfanya mtu afutiwe miliki yake.

Watu wengine wanadhani hiyo ni urasimu wa mjini. Fikirini hivi. Ghala limejengwa kwa ajili ya kitu kisichopumua. Linatakiwa kuwa kavu, lenye giza kidogo, lenye mlango mpana na madirisha machache ili mwizi asiingie. Kila sifa njema ya ghala ni kasoro kwa mtoto mchanga. Ofisi ina afadhali, kwa sababu mtu alikuwa anakaa humo mchana. Hata hivyo, shimo la maji taka la ofisi ya watu kumi wanaoondoka saa tisa na nusu si shimo la familia sita zinazooga, kufua na kupika. Gesti ndiyo inayokaribia nyumba, nayo ina tatizo lake: haina jiko, kwa sababu mgeni hula hotelini. Ukiingiza familia katika chumba cha gesti bila kujenga majiko nje, umewaambia wapikie kitandani. Mabadiliko ya matumizi kwa maana yake halisi ni maswali haya, na kibali ni ushahidi kwamba yameulizwa.

Wenzetu waliojaribu kuondoa maswali hayo wamepata funzo. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2013, serikali iliruhusu ofisi zigeuzwe kuwa nyumba bila kupitia ombi kamili la kibali cha mipango miji. Nia ilikuwa njema: nyumba zilikuwa haba na ofisi nyingi zilikuwa tupu. Nyumba kweli zilipatikana kwa haraka. Uchunguzi ulioagizwa na serikali hiyo hiyo na kutolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba ni asilimia 22.1 tu ya nyumba zilizopatikana kwa njia hiyo ya mkato zilizofikia kiwango cha taifa cha ukubwa, na nyingine hazikuwa na dirisha kabisa. Mwaka huo huo wakaweka sharti kwamba kila chumba cha kuishi kipate mwanga wa asili, na mwaka 2021 wakaongeza sharti la ukubwa. Nchi yenye wahandisi na wakaguzi kila kona ilijikuta ikijenga safu yetu ya katikati.

Na tusiende mbali hivyo. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya wafanyabiashara, yale yenye duka chini na makazi juu, yalitaifishwa na kugawanywa kwa familia nyingi. Watu walihitaji pa kukaa, na majumba yalikuwapo. Lakini kuta za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko havikuzoea vyoo na majiko ya familia sita juu kwa juu. Maji yalipenya, boriti zikaoza, na sehemu za majumba zikaanguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mji huo ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini vita na maji havijaisha hadi leo. Fundi yeyote anayewaambia kwamba kazi kubwa ya kugeuza jengo ni kuta za kugawa vyumba, mwulizeni kwanza maji machafu yatatokea wapi.

Ofisi ipi, na kwa jina la nani

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama jengo liko ndani ya eneo la mji lililopangwa au kwenye ardhi ya kijiji. Kibondo Mjini na Kasulu Mjini mna viwanja vilivyopimwa na mnaye Afisa Mipango Miji. Huko njia ni ile tuliyoieleza. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mipango ya matumizi yake inafanywa na kijiji chenyewe chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007. Huko hamwendi kwa Afisa Mipango Miji, mnakwenda kwa halmashauri ya kijiji na jambo linafikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kanisa au shirika halihesabiwi kama mwanakijiji wa kawaida, kwa hiyo ruhusa lililopewa ni kwa matumizi yaliyoombwa. Kijiji kikitoa eneo ili shirika lihifadhi chakula cha wakimbizi, hakikutoa eneo la nyumba za kupangisha. Hata kama mwenyekiti ni mzee wa kanisa lenu, rudini kijijini mkaombe, na muhtasari uandikwe.

La pili ni ile barua ya makabidhiano. Shirika lililokuwa limepanga jengo haliwezi kuwakabidhi zaidi ya lilichokuwa nacho. Tumeona sharika mbili zikipaka rangi majengo ambayo mwenyewe alikuwa hai, akiwaangalia kutoka ng'ambo ya barabara. Tafuteni hati, au barua ya toleo, au muhtasari wa kijiji, na msome jina lililoandikwa.

La tatu ni jina lenu wenyewe. Usharika kwa sheria si mtu. Mali ya kanisa inamilikiwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Kamati ya ujenzi ya usharika ikienda na barua yenye muhuri wa mchungaji, itapokelewa kwa heshima na kurudishwa. Ombi la kubadili matumizi linatoka kwa mwenye hati, yaani Bodi ya Wadhamini. Bodi haikai kila wiki, basi leteni mambo yenu mapema.

Mkishakuwa na hayo, mwendo wenyewe si wa kutisha. Mnapeleka ombi pamoja na hati, ramani ya kiwanja na michoro ya mnachotaka kufanya. Tangazo linatolewa ili majirani na wenye haki wajue na waweke pingamizi kama wanalo. Kamati ya halmashauri inayohusika na mipango miji inalijadili. Likikubaliwa, jambo linakwenda kwa mamlaka za ardhi, hati ya zamani inarudishwa na mpya inatolewa yenye masharti mapya na kodi mpya ya pango la ardhi. Tangu mwaka 2020 kuna ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo safari za Dodoma na Dar es Salaam tulizokuwa tukizifanya zimepungua. Kisha kuna kibali cha ujenzi. Hicho ni kingine, msivichanganye. Kibali cha kubadili matumizi kinasema watu wanaweza kuishi pale. Kibali cha ujenzi kinasema kuta hizi zinaweza kuvunjwa na hizi kujengwa. Afisa Afya atataka kuona vyoo, na mtu wa Zimamoto atauliza mkitoka usiku mnatokea wapi.

Kuhusu kuvunja kuta tungependa kuwa wakali kidogo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Iliripotiwa kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ilikuwa ikiendelea huku maduka yakiwa yamejaa watu. Majengo yetu huku ni ya chini, mtasema. Ni kweli. Lakini ukuta wa ghala wenye urefu wa mita nne, uliojengwa kwa matofali ya kuchoma na udongo, ukitoboa madirisha matano kwa siku moja bila kuweka linta unaweza kuua vilevile. Lipeni mhandisi aje aone.

Neno moja kuhusu fremu za mbele. Sharika nyingi zikisikia "kubadili matumizi" zinadhani lazima zifukuze mama wa duka la barabarani ili jengo lote liwe makazi. Si lazima. Upo utaratibu wa kiwanja kuwa cha makazi na biashara, na kwa majengo yanayoangalia barabara kuu huo ndio tunaoupendekeza karibu kila mara. Fremu mbili mbele zinaweza kulipa kodi sawa na vyumba vinne nyuma, na wapangaji wanapata sukari na mafuta ya taa mlangoni. Kuna waliotuuliza pia kama wanaweza kuuza vyumba kimoja kimoja. Iko Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo Na. 16 ya mwaka 2008 inayoruhusu hilo, lakini hiyo ni habari ya maghorofa ya mijini yenye vyama vya wamiliki. Kwa sasa pangisheni.

Hesabu ya pili

Tulirudi kwenye lile ghala letu. Tulibomoa safu ya katikati yote kwa mikono yetu, na vijana wa usharika walisaidia bila malipo, jambo lililotuaibisha na kututia moyo kwa wakati mmoja. Mpango mpya ulikuwa korido moja ya mita mbili katikati, na safu mbili zenye kina cha mita tano kila upande. Vyumba kumi, kila kimoja mita nne kwa tano, kila kimoja na ukuta wa nje na dirisha linalofunguka. Kuta za ndani zilipanda hadi darini. Majiko yakajengwa nje, nyuma, chini ya paa lake. Vyoo viliongezwa, na shimo jipya likachimbwa mbali na kisima cha jirani. Kila mpangaji akapata mita yake ya LUKU.

Kisha tukafanya kosa dogo jingine, la kuhesabu vyumba kumi kuwa familia kumi. Mwalimu mwenye mke na watoto watatu hawezi kukaa chumba kimoja, hata kama kina dirisha. Mwishowe vyumba vinane viliunganishwa viwili viwili kwa mlango wa ndani, vikatoa familia nne zenye chumba na sebule, na viwili vilivyobaki vikawa vya mtu mmoja mmoja. Kutoka wapangaji 15 tukafika sita.

Hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu wajumbe, na hatutaki kuuficha. Tuchukue mfano wa kodi ya shilingi 20,000 kwa chumba kwa mwezi. Vyumba 15 vya giza vingeleta shilingi 300,000. Vyumba kumi vyenye mwanga kwa bei hiyo hiyo vinaleta 200,000. Mkipandisha hadi 25,000, kwa sababu sasa ni vyumba vizuri, mnafika 250,000, na mnaanza kuwapoteza walimu wapya ambao ndio mliowajengea. Mweka hazina wa usharika atasimama kwenye kikao na kuuliza ile 50,000 au 100,000 ya kila mwezi imekwenda wapi. Swali lake ni halali. Jibu letu ni kwamba haikuwahi kuwepo. Ilikuwa ni kodi ya vyumba ambavyo halmashauri ingevifunga siku yoyote, na ilifanya hivyo.

Na ninyi wafadhili, tuna maombi mawili. La kwanza, mnapopitia mchanganuo wetu, msikate mstari wa vibali, upimaji na mhandisi mkisema ni gharama za utawala. Katika mradi wa kugeuza jengo, mstari huo ndio mradi. La pili, msihesabu mwaka wa fedha kuanzia siku hela inapoingia. Kubadili matumizi kunaweza kuchukua miezi mingi kuliko kujenga kwenyewe. Tunapendekeza fedha zitolewe kwa awamu mbili: ndogo ya kutafuta hati na kibali, kubwa ya ujenzi baada ya kibali kupatikana. Kibali kikikataliwa mtakuwa mmepoteza ile ndogo tu. Tunajua taarifa ya miezi sita inayosema "bado tunasubiri kikao cha halmashauri" haipendezi kusomwa kwa watu wenu huko nyumbani. Tutawaandikia hivyo hivyo.

Itakuwaje kwa sharika ambazo tayari zina wapangaji katika majengo yasiyo na kibali? Tumeulizwa hilo asubuhi hii, nje, kwa sauti ya chini. Msiwafukuze watu kesho. Anzeni na vyumba visivyo na dirisha, mviondoe watu humo wiki hii, hata kama ni kuwahamishia kwenye ukumbi wa usharika kwa muda. Katazeni mkaa ndani, na mtafute mahali pa kupikia. Kisha nendeni wenyewe halmashauri kabla hawajaja. Sisi tulisubiri waje, na mazungumzo yalianzia mahali pabaya.

Meza iliyo karibu na mlango ina karatasi za kujaza. Tunaomba kila usharika uandike mahali jengo lilipo, jina lililo kwenye hati au muhtasari wa kijiji, matumizi yaliyoandikwa, na idadi ya vyumba visivyo na dirisha la nje. Wasio na hati waandike hawana. Mwanasheria wa Dayosisi atakuwa Kasulu wiki ya pili ya mwezi ujao na Kibondo wiki ya tatu, na atapokea karatasi hizo pamoja na nakala mlizo nazo. Tuko tayari kwa maswali, na tunaomba tuanze na wale waliotoka mbali, kwa sababu gari la Kasulu linaondoka saa tisa.